Kinundu cha Milimita Tatu

Katika karakana ya chuo hakuna aliyemwita mjomba wangu kwa jina lake. Walimwita Kioo, kwa sababu ubao ukishapita mikononi mwake mtu angeweza kujitazama ndani yake na kuchana nywele. Alikuwa seremala kwa mafunzo na mtengenezaji wa vielelezo kwa ajira: walimu wakitaka daraja dogo la mbao au bawa la ndege la kuonyeshea darasani, michoro ilipelekwa kwake. Alianza na msasa unaokwaruza kama ulimi wa paka, akaendelea na ulio laini zaidi, akamalizia na ule wa kutumia na maji. Mwisho, wakati mafundi wengine wangekuwa wameshanawa mikono, yeye alifumba macho na kupitisha ncha ya kidole cha kati juu ya kazi yake. Kidole kikikwama mahali, alianza upya.

Nyumbani hakuwa tofauti. Akija kututembelea Jumapili, kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshapindua kiti na kukagua miguu yake.

"Wewe tukikuacha hapa wiki moja," mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alikuwa akimwambia, "nitarudi nikute ngazi zote umezifanya mteremko."

"Ngazi zako zina pembe kali, Dada. Siku moja zitakutoa damu."

"Zimenipandisha na kunishusha miaka ishirini. Weka kiti chini unywe chai."

Kwa hiyo nilipofika mwaka wa mwisho wa masomo ya uhandisi wa maji, katika chuo kile kile, na mradi wangu ukahitaji mabamba manne yaliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, sikuwa na haja ya kuuliza nimpelekee nani.

Mradi wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Maji yanapopita juu ya bamba lililonyooka, yale yanayoligusa hayaendi popote. Yameng'ang'ania pale pale. Yaliyo juu yake yanajikokota, yaliyo juu zaidi yanaharakisha kidogo, na ni mpaka upana wa kidole kutoka kwenye bamba ndipo maji yanapokwenda kwa mwendo wake kamili. Tabaka hilo jembamba la maji yanayojikokota ndilo lililokuwa somo langu. Likiachwa juu ya uso laini husafiri kwa utulivu, utando juu ya utando, kama kurasa za daftari lililofungwa. Ukiweka kinundu njiani, mambo hubadilika. Kinundu kikiwa kifupi, maji hukipita bila kujali. Kikiwa kirefu vya kutosha, maji yaliyo nyuma yake hujikunja, hujiviringa na kuachia vijimbunga vidogo, kimoja baada ya kingine. Swali langu lilikuwa moja tu: kwa mwendo wa maji niliopangiwa, kinundu kiwe na kimo gani ndipo vijimbunga vianze?

Nilimchorea Mjomba mabamba manne ya plastiki ngumu nyeusi, kila moja likiwa na kinundu kimoja katikati: cha milimita moja, mbili, tatu na nne. Vinundu vilikuwa vya mviringo, vimesimama wima kama vifuniko vya chupa. Alichukua siku sita. Aliponikabidhi, yamefungwa kwa kitambaa cha pamba kana kwamba ni vioo vya miwani, niliyatazama, nikaona yanang'aa, nikapima kimo cha kila kinundu kwa kalipa, ile rula yenye taya, nikakuta kiko sawa kabisa. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Sikupima kitu kingine chochote, na hilo lilikuwa kosa langu, si lake.

Muda haukuwa mwingi. Pampu ya mfereji wetu wa majaribio ilikuwa imekaa mbovu wiki tano, ikatengenezwa Jumanne, na tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni: Ijumaa saa sita mchana mfereji ungekaushwa ili sakafu ya maabara ivunjwe na kumiminwa upya. Usingejazwa tena mpaka muhula mwingine. Ningeifikia saa hiyo bila jibu, ningerudia mwaka mzima.

Jumatano nilifanya majaribio tangu asubuhi. Mfereji ulikuwa na kuta za kioo na urefu wa vitanda vitatu vilivyopangwa mstari mmoja. Nililaza bamba la kwanza chini, nikawasha pampu, nikasubiri maji yatulie, kisha nikaruhusu wino mwekundu utoke polepole kwenye sindano nyembamba mbele ya kinundu. Uzi wa wino ulipanda kidogo, ukakivuka kinundu, ukashuka, ukaendelea na safari yake umenyooka. Nilitazamia hivyo kwa milimita moja. Kwa milimita mbili pia sikushangaa. Kwa milimita tatu nilianza kusogeza kiti karibu na kioo. Kwa milimita nne, ambapo kwa hesabu zangu zote maji yalipaswa kuchafuka, uzi wa wino ulipita juu ya kinundu kwa adabu kama mgeni anayevuka zulia.

Nilikagua mwendo wa maji. Nilibadilisha sindano. Nilirudia hesabu mara tatu na kila mara zikanipa jibu lile lile. Alasiri msimamizi wangu wa mradi, mama mmoja mpole ambaye sote tulimwita Daktari, alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Bado?"

"Bado, Daktari. Hata cha nne hakifanyi kitu."

Alitazama wino. "Maji hayana sababu ya kukudanganya," alisema. "Hesabu zako nimezisoma, sioni tatizo. Umebakiwa na bamba."

"Bamba limetengenezwa na Kioo."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia lichunguze."

Sikumwelewa. Nilipoondoa bamba la nne ili nilikaushe, nilichukua taulo na kulifuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ilikuwa wakati taulo limefika upande wa pili ndipo mkono wangu ulipogundua kwamba haukukwama popote. Kinundu cha milimita nne, chenye ukingo wima, kilipaswa kulikamata taulo lile. Nililirudisha. Likateleza. Niliweka bamba usawa wa macho, nikalielekeza dirishani, nikaona: hapakuwa na kinundu, palikuwa na kilima. Mabamba mengine yalikuwa hivyo hivyo: kuzunguka kila kinundu, Mjomba alikuwa amepaka puti, ile rojo ya kuzibia nyufa, akaitandaza kwa upana wa vidole viwili kila upande, akaipiga msasa mpaka mteremko ukaungana na bamba bila alama, kisha akapulizia rangi nyeusi juu ya yote. Kimo kilikuwa sahihi. Maji yalipanda na kushuka pole pole, hayakupata mahali pa kujikwaa.

Nilicheka peke yangu maabarani. Kisha nikakumbuka kwamba nilipaswa kwenda kumwambia, na kicheko kikaniishia.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa karakana. Mjomba alikuwa mezani kwake amevaa aproni. Upande wa pili alikuwa mchomeleaji, mtu mnene mwenye sauti kubwa waliyemwita Cheche, ambaye alikuwa amefanya kazi chumba kimoja na Mjomba miaka kumi na saba bila kukubaliana naye juu ya jambo lolote.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mzee Cheche."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mjomba. "Mabamba yanasemaje?"

"Mazuri sana. Yaani, yamependeza mno. Daktari mwenyewe ameyatazama."

"Enhe."

"Na rangi imekaa vizuri sana, Mjomba."

Aliweka penseli chini. "Sema, mwanangu. Una uso wa mtu aliyevunja sahani ya wageni."

Nikasema. Nilijitahidi kupanga maneno: kwamba kosa lilikuwa langu kwa kutoandika maelezo kwenye mchoro, kwamba kimo kilikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho, ila kingo zilipaswa kuachwa wima, bila puti. Nilipofika kwenye neno puti Cheche alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Ziachwe wima," Mjomba alirudia.

"Ndiyo, Mjomba."

"Kama kisiki shambani."

"Kama kisiki, ndiyo."

"Mimi nilipouona mchoro nikasema, huyu mtoto ni wa vitabu, amesahau kuonyesha umaliziaji. Nikakumalizia." Alijifuta mikono kwa aproni ingawa haikuwa na kitu. "Siku sita, mwanangu. Vinundu vyenyewe nilivimaliza siku ya kwanza. Siku tano zilikuwa za kuvificha."

Cheche alipiga paja. "Miaka kumi na saba namwambia! Kioo, siku moja utaipiga msasa kazi mpaka iishe! Binti, ungeniletea mimi. Mimi ningekutupia donge la chuma pale, maji yangekimbia yenyewe."

"Wewe donge ndilo unalolijua," Mjomba alisema bila kugeuka. Lakini hakuwa na moyo wa kubishana, na nilimwona anatazama mikono yake. Sikutaka tuachane pale.

"Mjomba, njoo maabara uone. Dakika kumi tu. Mzee Cheche, niazime nati moja."

"Chukua mbili. Hata tatu. Zote mbaya."

Nilimkalisha Mjomba kwenye kiti changu mbele ya kioo. Nililaza bamba lake la nne, nikawasha pampu, nikaachia wino. Uzi mwekundu ulipita ukiwa umenyooka. Aliutazama mpaka mwisho na nikaona kidevu chake kinatulia. Kwake yeye hiyo ilikuwa kazi iliyofanikiwa. Kisha nikakunja mkono wa blauzi, nikazamisha mkono, nikaiweka nati juu ya bamba.

Maji yalichafuka kwa muda kwa sababu ya mkono wangu, yakatulia. Wino ulifika kwenye nati. Nyuma yake ulijikunja, ukajiviringa, ukakatika, ukajiviringa tena.

Mjomba alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Sasa hiyo ndiyo kazi yako? Kuyaharibia maji safari yao?"

"Kujua yanaanza kuharibika wapi. Juu ya uso laini kama wako hayaharibiki, Mjomba. Yanahitaji mahali pa kujikwaa. Ukimjengea mtu mteremko, hajikwai. Ukimwekea ngazi, atajikwaa, na mimi nataka kujua ngazi yenyewe iwe ndefu kiasi gani."

Aliitazama nati. Kisha akasema, "Nati ya Cheche ina kimo gani?"

"Sijaipima."

"Haina kimo kimoja. Imekatwa vibaya, upande mmoja umeinuka. Huwezi kupeleka hiyo kwa walimu." Alisimama akakaza kamba za aproni. "Kama ni ubaya unautaka, mwanangu, tuufanye kwa vipimo."

Kutengeneza kitu chenye ukingo mkali kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Mjomba aliitoa puti yote kwa patasi, akavibandua vinundu vya zamani, akakata vipya kutoka kwenye fimbo ya plastiki. Ukingo ulipaswa kuwa mkali pande zote bila kumeguka, na supa gluu isibubujike chini hata kidogo, maana tone la gundi nalo ni mteremko. Kazi hiyo ilimtaka fundi, na yeye alikuwa fundi. Tatizo lilikuwa vidole vyake. Kila alipomaliza kukata kinundu, mkono wake wa kulia ulijiendea wenyewe kwenye kisanduku cha misasa. Mara ya tatu alikishika kisanduku chote, akavuka chumba, akakiweka mbele ya mchomeleaji.

"Nifichie."

Cheche alikitazama kisanduku kama mtu aliyekabidhiwa mtoto. "Mpaka lini?"

"Mpaka kesho saa sita. Hata nikikuomba, usinipe."

"Hata ukilia?"

"Hasa nikilia."

Mabamba yalikuwa tayari jioni hiyo. Sasa taulo lilikwama kwenye kila moja.

Ijumaa saa tatu niliwasha pampu. Mjomba alikuja na aproni yake, akakaa kwenye kiti pembeni, mikono magotini. Daktari alikuja saa tatu na nusu na fomu ya mradi wangu kwenye jalada. Nafasi ya jibu ilikuwa tupu, na chini yake palikuwa na mstari wa saini.

Milimita moja: uzi ulinyooka. Milimita mbili: uzi ulitetemeka kidogo nyuma ya kinundu, kisha ukatulia. Niliandika. Milimita tatu: ulitetemeka zaidi, ukayumba, lakini haukujiviringa. Nilisubiri robo saa nzima. Nikaandika kwamba hakuna vijimbunga. Milimita nne: vikaja. Havikuhitaji kusubiriwa, vilitoka nyuma ya kinundu mfululizo, na Daktari akasema "Aa!" kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki.

"Basi ni kati ya tatu na nne," alisema. "Ni juu kidogo ya ulivyokadiria, lakini ni jibu. Andika nisaini."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Hesabu zangu zilikuwa zimesema vijimbunga vingeanza kabla ya milimita tatu, ila hesabu ni hesabu na maji ni maji, na mimi nilikuwa na furaha ya kutosha kwa asubuhi moja. Nilifungua kalamu.

Mjomba alikohoa.

"Hilo la tatu," alisema.

Tuligeuka wote wawili. Alikuwa ametazama sakafu.

"Jana, kabla sijakukabidhi. Kulikuwa na kipande cha msasa mfukoni mwa aproni, kimechakaa, hata sikukumbuka kama nilikuwa nacho. Nikaulainisha ukingo wa kinundu kidogo. Juu tu. Kimo sikukigusa."

"Kidogo kiasi gani, Mjomba?"

Alisugua ncha ya kidole chake. "Kimekuwa kama punje ya dengu."

Nililitoa bamba majini. Ilikuwa kweli. Kimo kilikuwa kile kile, na taulo lilikwama kwa chini, lakini juu ukingo ulikuwa umezungushwa kwa ustadi hivi kwamba jicho halikuona mwanzo wake. Daktari alivua miwani akaifuta. Hakuna ambaye angegundua. Jibu langu lingesainiwa, ningehitimu, na nambari isiyo sahihi ingekaa maktabani na jina langu juu yake. Mjomba alijua hivyo, na alijua pia kwamba akisema, mtu aliyeheshimika kwa mikono yake angesimama mbele ya Daktari kama mwanafunzi aliyekutwa akinakili.

"Nisamehe, mwanangu."

"Tuna saa moja," nikasema.

Alishaondoka. Nilimkimbilia na bamba mkononi. Karakanani, Cheche alituona tukiingia hivyo akakikumbatia kisanduku. "Sitoi! Ulisema saa sita!"

"Sitaki msasa, mjinga wewe! Niwashie msumeno!"

Wale wazee wawili walifanya kazi bila neno jingine. Cheche aliishika fimbo ya plastiki kwenye jiriwa, Mjomba akakata, akapima, akatupa. Akakata tena, akapima, akakubali. Nilikibandua kinundu cha zamani na kulisafisha bamba. Mjomba alidondosha gundi kwa ncha ya sindano ya kushonea, akakikalisha kinundu kipya, akakibana kwa kidole gumba huku akihesabu hadi sitini kwa sauti. Alipoondoa kidole hakukigusa tena. Alifunga mikono nyuma, akaishika kwa nguvu, na hivyo ndivyo alivyotembea hadi maabara.

Saa sita kasoro dakika kumi na nane bamba lilikuwa majini. Mafundi wa sakafu walikuwa wameshafika na mipira yao ya kunyonyea maji, wamesimama mlangoni wakinong'ona. Niliachia wino. Uzi ulikivuka kinundu, ukatetemeka, ukayumba. Nilisikia Mjomba anavuta pumzi. Kisha nyuma ya kinundu maji yalijiinua, yakajikunja, na kijimbunga kikaachia: miguu miwili chini, kichwa kimepinda juu, umbo halisi la kibanio cha nywele. Kikaondoka na mkondo. Kingine kikafuata, na kingine, vyote vikiwa na umbali sawa kati yao, mpaka nikaweza kuvihesabu kwa kupiga kidole mezani.

"Kati ya mbili na tatu," alisema Daktari. Nikaandika, akasaini, akanishika bega, akaenda kuzungumza na watu wa mlangoni.

Mjomba alikuwa amekiacha kiti chake. Aliinama mbele ya kioo, mikono bado nyuma, akifuatisha kijimbunga kimoja kwa macho kutoka kwenye kinundu hadi mwisho wa mfereji, kisha akarudi kuchukua kingine.

"Nani anavipanga hivi?" aliniuliza.

"Hakuna, Mjomba. Ni ule ukingo."

"Ukingo mbaya hivi." Alitikisa kichwa, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Tazama nafasi zake. Hata mimi nisingepima hivyo."

Mmoja wa mafundi wa sakafu alisogea akiburuta mpira wake. "Mzee, tusamehe, saa imefika. Tunataka kutoa maji."

Mjomba alinyoosha mkono mmoja kumzuia, bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Ngoja kidogo, bwana," alisema. "Yako kazini."